Kwenda Karagita Kuchukua Karatasi za Gadi

Nilienda Karagita, nje kidogo ya Naivasha, kwa aibu, si kwa hamu. Mwaka jana mama mmoja aitwaye Nafula, mfanyakazi wa shamba la maua, alipiga simu katika maktaba ya Nakuru ninapohifadhi nyaraka za zamani. Marehemu baba yake alikuwa gadi wa treni ya mizigo kati ya Nakuru na Kisumu, na kila safari aliiandika kwenye fulskapu kwa penseli. Wafanyakazi wa reli walioandika safari zao ni wa kuhesabu kwa vidole. Nilimwambia azitunze vizuri, nitakuja wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miezi kumi na mmoja.

Saa moja asubuhi niliondoka Nakuru kwa matatu na maboksi mawili matupu. Mgongo ulianza kuuma hata kabla ya Lanet. Karibu na Gilgil malori yalikuwa yamejipanga, tukatambaa nyuma yao hadi Naivasha. Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli nilitumaini kidogo kwamba sitamkuta nyumbani.

Saa nne boda ilinishusha mbele ya ploti yao, safu ya vyumba vya kupanga vya mabati. Nafula alikuwa na siku yake ya mapumziko. Alinipa chai na mkate, akauliza habari za barabara, kisha akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi yake. Alinieleza kwamba wakati wa mvua paa lilivuja akaingiwa na hofu, kwa hivyo akazipeleka karatasi zote saiba, kwenye duka la kompyuta, na kila ukurasa ukafungwa ndani ya plastiki kwa mashine ya moto, wenyewe wanaita kulaminate, kama sisi sote tunavyofanya na vyeti vya shule.

Plastiki ile ikishashikana na karatasi haitoki tena bila kuirarua. Hilo ningelivumilia. Lakini fulskapu za zamani ni ndefu kuliko plastiki za siku hizi, basi mwenye saiba alikata kila ukurasa chini ili uingie. Mistari miwili mitatu ilikuwa imeenda. Kila safari ilikatika kabla treni haijafika.

"Kwani nimeharibu?" aliuliza.

Nilitamani kumdanganya. Nikamwambia kwamba karatasi zimeumia, na kosa ni langu, kwa sababu ningekuja nilivyoahidi ningezikuta nzima. Nikauliza vile vipande viko wapi. Alisema alivitumia kuwashia jiko. Niliona vibaya sana.

Halafu akachomoa ukurasa mmoja. Treni imekwama Mau Summit, mvua imejaza matope juu ya reli, na stesheni masta anamwita gadi kwenye simu: mkewe amejifungua msichana. "Kwa hivyo," baba yake ameandika, na hapo ndipo makasi yalipopita.

"Hapo chini alisema nitaitwa Nafula, juu ya hiyo mvua," alisema. "Kwetu mtoto wa mvua anaitwa hivyo. Alikuwa ananisomea nikiwa mdogo. Andika."

Tulikaa hadi saa tisa, yeye akikumbuka, mimi nikiandika kwa penseli kwenye karatasi mpya. Kati ya kurasa zote zile alikumbuka miisho tisa tu. Nilipokuwa nikifunga boksi aliigusa karatasi niliyoandika.

"Na hii usilaminate," alisema. Tukacheka, ingawa kicheko chake hakikudumu.

Jioni nilirudi Nakuru na boksi moja limejaa, la pili tupu kama lilivyoondoka. Nilichojifunza ni kwamba ukimwambia mtu atunze kitu bila kumwambia namna, umemtwika kazi yako na umemwacha nayo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii tumbo halikuwa langu.

Asubuhi yake, kabla ya chai, nilifungua daftari ambamo huandika watu niliowaahidi. Wa kwanza alikuwa mjane wa Lanet mwenye barua za mumewe. Nilimpigia nikamwomba asizipeleke popote, aziache kwenye katoni yake mahali pakavu, kesho saa mbili nitakuwa mlangoni kwake.

"Kesho ya kweli," aliuliza, "ama ile kesho yenu?"