Udongo Kwenye Tumbo la Mbwa

Mwaka ule wa ukame tulikula makoma, yale matunda magumu ya mkoma. Tulitafuna mpaka ufizi ukauma, halafu tukapika zile mbaazi za njano za msaada, ambazo haziivi hata ukimaliza kuni. Mbwa wangu alikula tulichobakisha, yaani hakuna kitu. Ndiyo maana tumbo lake lilipoanza kuvimba, moyo wangu ulishtuka. Anenepe kwa nini?

Uvimbe naujua. Mimi mwenyewe nilipasuliwa Lodwar, wakatoa kwenye ini mfuko wa maji mkubwa kama kichwa cha mtoto. Walisema ugonjwa huo unatoka kwa minyoo ya mbwa. Sikubishana, nilikuwa nimelala chali.

Na kwetu mbwa ni yaya. Mtoto akijichafua, mbwa anamlamba, maji yanabaki ya kunywa. Mtoto niliyekuwa nikimlea hapa Kakuma ni wa mjukuu wangu, msichana wa digrii, daktari wa mifugo huko Lodwar. Hiyo nasema kila mahali, hata kwa wasioniuliza.

Shemeji yangu, ndugu ya marehemu mume wangu, alikuja na mkuki.

"Ejok," akanisalimu.

"Ejok. Mkuki wa nini?"

"Huyo mbwa ana ule ugonjwa wako. Atampa mtoto. Mlete nimmalize."

Nilikaa chini mlangoni pa boma, nikanyoosha miguu. "Mbwa sitoi. Kama unamtaka, ruka miguu yangu."

Mzee mzima haruki miguu ya mke wa kaka yake, kwetu ni mwiko. Akatema mate. "Nitarudi."

Nilimpigia mjukuu simu, aje na ile mashine anayopimia mimba za mbuzi. Siku mbili nilimngoja bila kulala vizuri. Mbwa alikuwa anahema, hataki hata kutembea. Nikafanya kile mama yangu angefanya: nikachukua emunyen, udongo wetu mweupe wa baraka, nikachanganya na mafuta, nikampaka tumbo lote.

Mjukuu akaja. Mashine yenyewe ni kama simu kubwa, ina waya na kichwa cha kupapasia. Naijua, mashine ndugu yake ndiyo iliyoona mfuko wangu kule hospitali. Nikamshika mbwa kichwa. Mjukuu akapapasa hapa, akapapasa pale, uso umekunjamana.

"Ata, sioni kitu." Ata ni nyanya kwetu. "Giza tupu."

"Ni maji?"

"Hata maji ningeyaona."

Nikamvuta mbwa kichwa mapajani, nikamfunika macho. Halafu mjukuu akaangalia vidole vyake.

"Ata, umempaka nini?"

"Emunyen. Mgonjwa si anapakwa?"

"Mashine haioni kupitia udongo!"

Alimwosha kwa nusu ya mtungi, maji yetu ya kunywa ya siku ile. Akamnyoa manyoya, akampaka dawa yake inayoteleza, akaweka tena kichwa cha mashine. Mara giza likafunguka. Kitu kidogo, kidogo kuliko kunde, kilikuwa kinapepesa.

"Huo ni moyo. Na huu mwingine."

"Wangapi?"

"Watatu. Labda wanne, wanajificha."

Nikapiga vigelegele. Mtoto alikuwa kwenye ngozi kando yetu, akashtuka, akajichafua papo hapo. Mbwa akainuka na tumbo lake linaloteleza, akaenda kufanya kazi yake. Mjukuu alimrukia mtoto kama mtoto anaungua.

"Ata! Bado analambwa?"

"Wewe mwenyewe ulilambwa na nyanya ya mbwa huyu, na leo una digrii."

"Na wewe ulipasuliwa."

Mjukuu akafungua mfuko wake. Akamlisha mbwa dawa ya minyoo, akaniambia nisimpe kamwe matumbo mabichi ya mbuzi, ndimo minyoo inamotoka, na mtoto aoshwe kwa maji na sabuni.

"Maji gani?" nikauliza. Akatazama mtungi, akambeba mtoto.

Shemeji alikuwa amefika, amesimama nje ya boma anasikiliza. "Mimba nimesikia. Na minyoo je? Hana?"

Mjukuu wangu hajui kusema uongo, hiyo ndiyo shida ya kusoma. "Siwezi kusema hana, babu."

Basi mzee akainua mkuki. Nikamchukua mtoto kwa mama yake, nikamweka mapajani, nikakaa mlangoni, nikanyoosha miguu.

"Mbwa sitoi. Kama unamtaka, ruka miguu yangu."