Bomba la Moshi Mu Nyumba ya Mama

Kunifuata mimi, mama alizaa batoto wawili, na wote wawili tuliwazika nyuma ya kanisa hapa Nchelenge kabla hawajajua kukaa peke yao. Wote walianza na kikohozi. Kikohozi kikavu, kidogo, kama cha mutu aliyesimama mulangoni kwa watu na anaona haya kupiga hodi. Nilikuwa mudogo, lakini masikio yangu hayajakisahau.

Baba aliamini ni moshi uliowaua. Kwetu mama akizaa anafungiwa nyumbani na mutoto, kando ya mafiga, na moto hauzimwi mpaka kitovu kianguke. Baba alikuwa amepika miaka mingi kwa muzungu mumoja mununuzi wa samaki, ng'ambo, Kasenga. Batoto wa yule muzungu walikulia karibu na stofu ya kuni yenye bomba, na hakuna aliyekohoa. Baba alilifikiria jambo hilo bila kumwambia mutu. Muzungu alipofunga duka na kurudi kwao, alimuachia ile stofu. Mama alikuwa tena na mimba.

Stofu ilivuka ziwa juu ya mashua ya samaki, kati ya vikapu vya chisense, visamaki vyetu vidogo vya ziwa. Wanaume walipoishusha, bamama waliokuwa wakianika samaki walisimama kutazama.

"E baba, treni yako hii, reli iko wapi?" mumoja akauliza.

"Reli inakuja kesho," baba akajibu, na wakacheka wote. Ni mara ya mwisho nakumbuka baba kucheka mbele ya watu.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya masista, kwa hiyo nilimsaidia kuiweka. Baba hakutaka haraka. Nyumba yetu ni ya nyasi juu, na alisema nyasi hazisamehe. Alijenga kwanza kitako cha matofali, mbali na ukuta kiasi cha mukono wangu mzima. Alikata nyasi za paa kwa upana, akapasua pipa la petroli, akalipiga mpaka likawa bapa, akatoboa tundu katikati, akaliweka pale juu, ili chuma cha moto kipite bila kugusa nyasi. Bomba akalipandisha juu kuliko kichwa cha nyumba. Mianya akaiziba kwa udongo wa kichuguu. Akaweka ndoo ya muchanga kando, na ndoo ya maji. Hakuna kuanika samaki juu yake, alisema. Kuni ziwe za muombo, kavu, maana mbichi zinapaka bomba masizi, na masizi yakiwaka ni hatari. Majivu yatoke yakiwa yamepoa.

Ndani ya bomba kulikuwa na kifuniko kidogo chenye kishikio inje. Baba alituita, mama na mimi.

"Mukilaza hiki, bomba linafungwa. Mukisimamisha, moshi unatoka. Moto ukiwa bado hai, hata makaa tu, musikilaze. Mumesikia?"

Tulisikia. Siku ile mama alipika bila kufuta macho. Alimtazama baba muda mrefu, akasema, "Bon. Leo naona uso yako."

Dada mukubwa wa baba, tunayemwita mayosenge, alikuja kutoka Chienge kumuzalisha mama. Hakuwepo baba alipotuonyesha kile kishikio. Mutoto akazaliwa, kijana, mudogo lakini mwenye sauti. Baba akahamia kwa jirani, ndiyo desturi, na nyumba ikawa ya mayosenge.

Sasa, moto wa mutoto mchanga, kwetu, hautoki. Mutu hawezi kuja kuomba kaa la moto kwako, na wewe huwezi kumupa, mpaka kitovu kianguke. Moto ukitoka, nguvu ya mutoto inatoka nao. Mayosenge alisimama uwanjani na kutazama juu. Bomba lilikuwa linatoa moshi mweupe, upepo wa ziwa unaulaza kwenye nyumba za watu.

"Weye wa shule," akaniita. "Moto wa mutoto unaenda wapi?"

"Ni moshi tu, mayosenge," nikasema, chini chini.

"Moshi ya moto gani? Si ya mutoto? Angalia, inaingia mu chungu ya jirani. Kesho mutauliza juu ya nini mutoto haongezeki."

Alipokuta kishikio, alikielewa upesi kuliko mimi. Akakilaza. Nikakisimamisha. Akakilaza tena. Nikamwambia baba amekataza, kwamba makaa yana hewa mbaya, kwamba hata masista walitufundisha. Mimi ni mutu wa haya. Mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua, sauti inakauka. Lakini hayo nilimwambia yote.

"Baba yako alikuwa anakaangia bazungu mayai," akasema. "Amezaa mara ngapi, yeye?"

Mama alicheka kidogo kitandani. Aliogopa kumkatalia wifi yake. Nikakisimamisha kishikio mara ya tatu, mayosenge akanipiga kofi mukononi, si kwa nguvu, halafu akanituma ziwani kuchota maji.

Mvula ilinikuta njiani. Niliporudi nilitazama juu ya nyumba, kwa sababu nilikuwa nimezoea kutazama, na bomba halikutoa kitu. Mayosenge alikuwa kwenye kibanda cha kupikia, anasonga ubwali wa wageni. Mulango wa mama ulikuwa umefungwa kwa ajili ya mvula, na dirisha limezibwa kwa kitambaa.

Niliacha ndoo ikaanguka, nikasukuma mulango. Kishikio kilikuwa kimelala, na kuni zimebaki makaa tu. Ndani hamukuwa na moshi. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo, hewa ilikuwa safi machoni. Mama alilala mudomo wazi. Nilimuita, akageuza kichwa kama mulevi. Mutoto alikuwa laini mikononi mwangu kama nguo iliyolowa. Nikatoka naye mpaka katikati ya uwanja, mvula inampiga usoni.

"Unamutosha inje! Kitovu bado!" mayosenge alipiga kelele, anakimbia na mwiko mukononi.

Mutoto alivuta pumzi. Akalia. Jirani walikuja wakamtoa mama kwa mikono na miguu, akatapika chini ya ukingo wa paa, akapona.

Nilidhani sasa watanisikiliza. Wazee wa ukoo walikaa na baba siku hiyo hiyo. Mayosenge alisema stofu ilitaka kula mutoto wa tatu, na kwamba mimi nimeimalizia stofu kazi kwa kumutoa inje. Baba alieleza habari ya kifuniko. Alieleza vizuri, kwa upole, akionyesha kwa kiganja, kimelala, kimesimama. Wakamusikiliza kama unavyomusikiliza mutu mwenye homa. Kisha wakamuuliza mama.

Mama hakumtazama baba. "Muitoshe," akasema.

Tuliitoa mimi na baba. Mayosenge akapanga mafiga pale pale juu ya kitako cha matofali. Baba aliomba jambo moja tu, tundu la paa libaki. Lakini mvula ilikuwa inaingia mpaka kwenye mukeka, na mayosenge akasema mutoto atakufa na baridi. Baba akapanda mwenyewe, akaliziba na nyasi.

Stofu iko nyuma ya nyumba. Kuku wanalala ndani. Kila asubuhi baba anapita pale, anapangusa kutu kwa kitambaa, anaenda zake.

Kesho lori inanirudisha shuleni. Leo nimeingia kuaga. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa kiuno, nikaingia nimeinama. Kitovu kilishaanguka, mayosenge amefurahi, anafunga mizigo yake. Mama alikuwa amemupakata mutoto, macho yake mekundu, na mutoto akakohoa. Mara moja. Halafu tena, kidogo, kikavu.

"Umesikia kitu?" mama akaniuliza.

"Hapana, mama. Hakuna kitu."

"Baba yako na yeye anasema hakuna kitu," akasema. Akanyoosha mukono, akasukuma ukuni ndani ya mafiga, maana moto ulikuwa unataka kuzimika.