Kichaka cha Mishale Mbele ya Wakwe

Nikikumbuka siku ile natamani nijifunike blanketi hapa hapa mbele yenu. Chekeni tu, nimeshazoea.

Tulikuwa ndio kwanza tumehamia kijiji cha ujamaa, huku Sepuka, nyumba zimepangwa mstari mmoja, uwanja mtupu hauna hata jani, na wajomba wa Mariamu wanakuja kuona kwetu kabla hawajakubali kunioza. Tangu alfajiri sikai, sisimami, nafagia palipokwisha kufagiwa, mpaka mama akafoka, "We Saidi, hebu tulia, unanitia kizunguzungu!"

Nitulie wapi? Nikaona nyumba imepauka mno, nikakimbilia porini (kiangazi kile kilichochanua ni kile kichaka tu chenye shina lililovimba, majani hakuna, maua mekundu matupu), nikakata matawi, nikayatia kwenye kibuyu kikuukuu, nikakiweka mlangoni pembeni ya kibuyu cha togwa. Kwamba babu zetu walipika utomvu wake kuwa sumu ya mishale nilijua, lakini nani atakula maua?

Wajomba wakafika. Shikamoo, marahaba, mambo mazuri. Mjomba mkubwa, mwindaji wa zamani, akatazama maua, akatazama vibuyu, akatazama mikono yangu iliyoganda utomvu, na mimi huyo nampa kata ya togwa. Akarudi nyuma.

"Kijana, mti huu unaujua?"

"Naujua sana, mjomba!"

Lo! Jibu gani lile?

Kwetu mgeni akisita, mwenyeji anaonja kwanza. Mimi kwa kiwewe sikuonja, niliinua kibuyu kizima cha togwa nikagida mpaka tone la mwisho, nikajipiga kifua, "Mnaona? Mzima!" Sijafunga mdomo, tumbo likagoma, togwa yote ikamwagika miguuni pa mjomba.

"Sumu! Kajiua!" Mstari mzima wa nyumba ukatoka mbio. Nikalazwa chini, wanaume wamenikalia, mama analia huku ananinywesha maziwa kwa nguvu, na mimi nikisema nimevimbiwa tu hakuna anayenisikia. Nilipoachiwa, wajomba walishaondoka, hata kukaa hawakukaa. Nililia, sifichi.

Mariamu nilimpata mwaka uliofuata, tena kwa sababu yeye mwenyewe aligoma kuolewa na mwingine. Maua mimi basi, hata kanga namnunulia ya mistari. Wajomba wananipenda sasa, wananitembelea kila baada ya mavuno, wanacheka na wajukuu, wanakuja na maji yao.