Samaki Niliyemficha

Nilitoka Laare asubuhi moja bila kumuaga mtu. Lori la kwenda Embu lilikuwa likipakia, dereva akasema nafasi ipo juu ya magunia, nikapanda. Hata darasa la sita nililiacha vivyo hivyo.

Kutoka Embu nikadandia lori jingine, na alasiri nilikuwa Kiritiri. Niliposikia kuna bwawa huko chini, nikashuka kwa miguu kulitazama. Ukingoni wageni wa mjini walikuwa wakivua kwa fimbo, wakimpata samaki wanamrudisha majini huku wakicheka. Mvuvi mmoja aliyekuwa akikunja wavu wake aliwatazama, kisha akanigeukia.

"Wanamtoboa mdomo, halafu wanamwambia aende nyumbani. Na wewe, unaenda wapi?"

"Natembea tu, mzee."

"Hata mbuzi akitembea anajua majani yako wapi. Twende ule."

Wavu wake ulikuwa umempa samaki wawili tu siku hiyo, ngege wa bwawani. Nyumbani kwake tuliketi nje, mkewe akawakaanga, akaniwekea mmoja mzima kwenye sahani yangu. Mmoja aliyebaki alikuwa wa wao wawili.

Mimi sikuwahi kula samaki. Kwetu milimani nyanya alituambia samaki ni ndugu ya nyoka, na tuliamini. Ningesema hivyo, mambo yangeisha. Lakini niliogopa kuonekana mshamba. Walipokwenda kunawa mikono, nikamsukuma yule samaki chini ya ua wa miti nyuma yangu, nikamfunika kwa mchanga. Waliporudi nikawa najipangusa midomo.

"Umemaliza na mifupa?" mama akashangaa.

"Alikuwa mtamu, mama."

Haikupita muda mbwa wao akaja na samaki mdomoni, amejaa mchanga, akamlaza katikati yetu. Nilitazama vidole vya miguu yangu.

"Hii samaki imejifunza kutembea kama mgeni," mama alisema hatimaye.

Mumewe hakucheka. "Ungesema tu, kijana. Hata sisi, kabla bwawa lije, samaki tulimwita nyoka."

Afadhali angenifukuza. Mama akamwosha samaki mara tatu, akakata upande ulioumwa na mbwa akamtupia mbwa huyo, uliobaki akaurudisha kwenye sufuria. Akanipakulia githeri ya mchana, mahindi na maharagwe. Nilikula nikiwasikiliza wakigawana samaki wangu, wakitema mchanga polepole, kwa adabu, ili nisisikie.

Kisha mama akatandika gunia ndani ya kibanda cha nyavu.

"Utalala hapa," akasema. "Na kesho ukikataa kitu, kataa kwa mdomo."

Nilisema ndiyo, mama, nikiwa nimempa mgongo.