Kitunguu Kimoja, Watoto Wawili

Harufu ya vitunguu vibichi vikikatwa mikia ikinifikia puani, mimi huwa nimesharudi Iguguno, uani kwa baba. Vitunguu ndivyo vilivyotusomesha, ingawa mimi niliishia darasa la tatu, na hapo kidogo nimejikweza. Vile vilivyojigawa, viwili ndani ya ganda moja, wachuuzi walivikataa. Tukavila sisi.

Mama alipokuwa na mimba, bibi alimkataza kuvigusa, eti atazaa pacha. Mama akavila, maana mboga nyingine haikuwepo. Akazaa pacha kweli, wasichana, wanafanana mpaka mmoja alinyonyeshwa mara mbili na mwenzake akabaki analia.

Sasa shangazi, dada mkubwa wa baba, hakuvilaumu vitunguu. Yeye alisema watoto wawili ni baba wawili, na kaka yake muda mwingi yuko Sekenke anachimba dhahabu. Akataka mama arudishwe kwao Sepuka. Niliyasikia hayo nikipepeta mtama, nikaanza kujiuliza kama nitaondoka na mama au nitaachwa.

Baba alipofika, shangazi alimpokea na maneno hayohayo kabla hata hajapewa maji ya kunawa. Baba akakaa. Akachagua kitunguu kwenye lundo, akakimenya taratibu, vikatoka viwili.

"Dada, hapa nilipanda miche mingapi?"

"Mmoja," shangazi akajibu, shingo upande.

"Basi niache ninywe uji wangu."

Mama akacheka huku machozi yanamtoka. Hakurudishwa.

Juzi nimemsindikiza mjukuu wangu kliniki, naye ana pacha wa kufanana. Nesi, binti mwenye subira na sisi wazee, akanieleza kwamba hao hutokana na yai moja la mama na mbegu moja ya baba. Siku za mwanzoni kabisa, mama hajajua hata kama ana mimba, lile yai linajigawa, na kila upande unakuwa mtoto kamili. Nikamuuliza, linajigawa kwa nini?

"Hilo, bibi, hata sisi hatulijui vizuri."

Miaka yote nilidhani baba alijua. Hakujua. Hakuwa na nesi wala kipimo. Alikuwa na dada yake anafoka mlangoni, na mkewe, watoto kifuani, anamtazama. Ikabidi achague wa kumwamini.