Ndege ya Viti Vinne na Maharage ya Mama

Nilidhani ndege ya viti vinne hubeba watu wanne. Nimeendesha malori zaidi ya miaka ishirini, Tunduma, Kigoma, kokote barabara ilikofika, na lori halijawahi kunidanganya hivyo.

Mke wangu ndiye rubani. Huwapeleka watalii mbugani kwa ndege za tajiri wake. Dada yangu alipojifungua mtoto wa kwanza huko Tabora, mama akataka kumwona, ila mgongo wake hauwezi tena basi. Tukauza lori langu, tukaanza kutafuta ndege kuukuu ya bei ya kwetu. Ya viti viwili ilikuwa nzuri lakini ingetutenganisha. Ya viti sita, bei yake ilinikausha mate. Ikabaki ya viti vinne, mali ya mfanyabiashara mmoja wa nafaka hapa mjini Morogoro, Mhindi aliyeirithi kwa baba yake.

"Tuchukue," nikasema. "Mimi, wewe, binti yetu na mama. Wanne."

"Viti ni vya kukalia, baba watoto," mke wangu akasema. "Kuruka ni hesabu nyingine. Tukijaza mafuta ya kufika Tabora, lazima nijue kila mtu ana uzito gani."

"Na njiani si tutaongeza?"

"Mafuta yake hayapatikani kila kiwanja. Hii si lori."

Mwenye ndege akatukaribisha dukani kwake tupimwe kwenye mizani ya magunia. Mama aliteremka kutoka milimani asubuhi ile, amejifunga khanga juu ya khanga. Muuzaji akamwamkia shikamoo, akampisha apande.

Mama ni mwembamba kama mpini wa jembe. Mizani ikasema anakaribia kuwa sawa na mimi.

Nikainama kuitazama tena. "Mizani yako mbovu, kaka."

"Nauzia mchele wa Dakawa hapa kila siku," akajibu. "Ingekuwa mbovu, wateja wangeshanipiga."

Mke wangu akajumlisha, akatikisa kichwa. "Haitubebi."

Lori lilikwishauzwa, na nilikuwa nimemwahidi mama kwamba atampakata mjukuu. Nikamshika mkono ashuke. Hapo fundo la khanga likalegea, na maharage yakaanza kumwagika sakafuni, yakikimbilia chini ya magunia. Alikuwa amejifunga karibu debe zima, kiunoni na mgongoni.

"Mama, ni nini hiki?"

"Binti yako aliniambia mizigo itapunguzwa," akasema bila haya. "Nikasema mzigo utapunguzwa, mtu hapunguzwi."

"Tabora maharage yapo, mama."

"Ya sokoni. Kwetu ukoo hufuata mama; mtoto wa binti yangu ni wa ukoo wangu, na mama yake atakula ya shamba la ukoo. Nimkute kwa mikono mitupu?" Akatutazama mmoja mmoja. "Kama ni kuchagua, yapande maharage. Mimi nitabaki."

Hakuna aliyecheka. Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na mizani. Maharage ya shamba lile ndiyo aliyonifungia kila nilipoondoka nyumbani, na nimeyapika kwenye miji ambamo sikumjua mtu hata mmoja. Harufu yake ikipanda, nilikuwa Morogoro.

"Hata bila maharage ilikuwa ya kubana," mke wangu akasema kwa upole. "Yakipanda, mtu mmoja ashuke."

"Nashuka mimi."

Akanitazama kama mtu aliyesikia mlima ukihama. Ni mimi ambaye sijawahi kuona safari nikaiacha ipite.

Tuliinunua. Siku ya safari nilisimama kwenye nyasi za kiwanja. Mama alikaa mbele karibu na mkwe wake, binti nyuma, na kando yake, kwenye kiti changu, kigunia cha maharage kikiwa kimefungwa mkanda. Ndege ikapaa, ikaipa milima ya Uluguru mgongo, ikawa nukta.

Nikabaki nimeshika ufunguo wa nyumba, nikishangaa jinsi njia ya kurudi nyumbani Kihonda ilivyo ndefu kwa mtu anayebaki.