Koki ya Njano kwenye Pipa la Uraka

Siku hizi nikisikia mtu anasifia pombe ya kienyeji kwamba ni ya asili, haina madhara, nanyanyuka naondoka. Sina nguvu za kubishana tena.

Mama yangu anauza uraka, pombe ya mabibo, huko Masaki ya Kisarawe. Anakamua mabibo, maji yake yanachachuka ndani ya pipa la plastiki, na wateja wanakaa kwenye mabenchi nyuma ya nyumba. Zamani alikuwa anachota kwa kata. Nzi wakaingia, wateja wakanung'unika, na mama hapendi kusemwa. Siku moja alikuja kunitembelea hapa Maili Moja, akapita kwa wauza vyuma chakavu vinavyotoka viwanda vya Zegereni, akanunua koki ya njano, nzito, inang'aa. Fundi akaiunga na kipande cha bomba kwa lehemu, akatoboa pipa, kazi ikaisha. Mama aliisugua kwa majivu kila jioni, na ukimtembelea hukai kabla hujaonyeshwa.

Sasa, kwetu muuza pombe haaminiwi hivi hivi. Lazima anywe yeye kwanza, mbele za watu, ndipo wengine wapokee. Wanaita kutoa sumu. Kila asubuhi mama alifungua koki, akajaza kikombe chake, akakimaliza huku wanamtazama. Uraka ule wa kwanza ndio uliolala usiku kucha ndani ya bomba na koki, mchachu, unakula chuma taratibu. Wateja walikunywa uliofuata. Mpaka leo nikiwaza hivyo nashikwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Alianza kusokotwa na tumbo. Akakonda, akapauka, akawa mkali kwa mambo madogo. Majirani wakasema kuna mkono wa mtu, maana wateja wazima, iweje augue mwenye pombe? Akachanjwa, akafukizwa. Halafu kiganja chake cha kulia kikalegea, kikawa kinaning'inia tu, hakiinuki. Ndipo nikamleta hospitali, Kibaha.

Daktari alimwamkia, akamuuliza anafanya kazi gani, anakunywa nini, anachotea nini. Damu ikapelekwa Dar. Majibu yaliporudi, akatueleza polepole kwamba damu imejaa madini ya risasi. Koki nyingine zimechanganywa nayo, na lehemu vilevile, na kinywaji kichachu kikilala humo kinayavuta. Akasema wateja nao waje wapimwe.

"Lakini mimi ndiye ninayeanza kunywa, mwanangu," mama akamjibu, kwa fahari kabisa. "Ingekuwa na ubaya, si ningejua wa kwanza?"

Daktari akainamisha kichwa. Mimi nikatoka nje nikalia kwenye korido, sikujali nani ananiona.

Nilikwenda Masaki nikang'oa ile koki na bomba lake, nikavitumbukiza chooni. Nikanunua pipa jipya lenye mfuniko na kata ya plastiki. Wateja niliwaambia wakapime. Walicheka, hakuenda hata mmoja. Mama akapewa dawa, tumbo likatulia, lakini mkono haukurudi, na daktari hakuniahidi chochote.

Msimu wa mabibo ulipofika, mama alisema atauza. Jirani akamsaidia kukamua. Asubuhi ya kwanza nilikuwepo. Wateja walikuja, wakasalimia, "Shikamoo mama," wakakaa. Uraka ulikuwa safi, safi kuliko wowote aliowahi kuuza. Mama akachota kwa mkono wa kushoto, kikombe kikainama, nusu ikamwagikia kangani na kwenye mkono wa kulia. Akakiweka chini. Nikakishika mimi nimnyweshe, akameza kidogo, akakohoa.

Wale watu wakatazamana. Mmoja, mteja wake wa miaka yote, akasema kwa upole, "Mama leo hanywi." Akaaga. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, na adabu zao zote, mpaka mabenchi yakabaki matupu.

Nilimwambia mama watazoea, wataelewa. Nilikuwa nasema tu, sikuamini neno hata moja. Yeye alikuwa anaufuta ule mkono uliolala mapajani, anaufuta kwa upindo wa kanga ingawa ulishakauka.

"Ungeniachia koki yangu," akasema.